Walioziba Mlango



Tunaandika mistari hii usiku, hapa Muleba, baada ya kurejea kutoka kigangoni. Juma hili tunapenda kuwashirikisha jambo tulilolibeba moyoni tangu mwaka 2024. Si jambo la kujisifia. Ni habari ya msiba mmoja, ya usiku mmoja wa kazi ya kujitolea, na ya mzee mmoja ambaye hatutamtaja jina, kwa maana ndivyo alivyotuomba. Sehemu ya habari hii ni ungamo letu wenyewe, nasi tunaomba mtuvumilie.

Mzee huyo ni mwalimu mstaafu. Wapo wengi katika parokia yetu waliojifunza herufi zao za kwanza mbele ya ubao wake. Miaka kadhaa iliyopita presha ya macho ilianza kumnyang'anya nuru kidogo kidogo, na alipofika hospitalini akaelezwa kwamba uoni uliokwisha kupotea kwa ugonjwa huo haurudi tena. Hakukata tamaa. Kijana mmoja wa jumuiya yake alimwonesha kwamba simu janja aliyopewa na binti yake ina programu inayosoma kwa sauti yale yaliyoandikwa kwenye kioo: ukigusa jina, hulitaja, ukigusa ujumbe, huusoma mpaka mwisho. Basi mwalimu wetu akarudi shuleni akiwa na umri wa zaidi ya miaka sabini. Baada ya miezi michache alikuwa akisikiliza habari za magazeti, akifuata masomo ya Misa ya siku, na akijibu ujumbe katika kundi la WhatsApp la parokia kwa makosa machache kuliko ya paroko wake.

Mwezi Septemba 2024 alifariki rafiki yake wa utotoni, mkazi wa kigango cha jirani. Wawili hao walibatizwa siku moja, wakapokea Komunyo ya Kwanza siku moja, na walitembeleana hadi uzeeni. Ofisi ya parokia ilitayarisha tangazo la msiba, na sisi wenyewe tulilipitia kabla halijatumwa. Lilikuwa tangazo la kupendeza: picha ya marehemu, msalaba, maua ya zambarau, na chini yake siku, saa na mahali pa Misa ya maziko. Yote hayo yaliwekwa ndani ya picha moja, nayo picha ikatumwa katika kundi bila neno lingine lolote.

Simu ya mwalimu wetu ilipolifikia tangazo lile ilitamka neno moja tu: picha. Alidhani ni mojawapo ya zile picha za maua na salamu za asubuhi njema ambazo sote tunazituma kila siku, akapitisha kidole na kuendelea. Mkewe alikuwa amesafiri kwenda kwa binti yao. Majirani, kila mmoja kwa nafsi yake, walidhani amekwisha kusoma, kwa kuwa yumo katika kundi na hujibu ujumbe haraka. Maziko yalifanyika siku ya Alhamisi. Yeye alipata habari siku ya Jumamosi, dukani, kutoka kwa mtu aliyekuwa akimpa pole.

Jumapili alitujia sakristia baada ya Misa ya kwanza, akiongozwa na mjukuu wake. Hakupaza sauti. Alisema, "Padre, nimefundisha watu kusoma miaka thelathini na minne. Tangazo la rafiki yangu limenipita. Nililishika, Padre. Lilikuwa humu mkononi mwangu."

Sisi wa Kagera tunajua maana ya kukosa maziko ya mtu wako. Hata aliye mgonjwa huomba abebwe afike. Tulimwomba radhi mzee wetu, tukaahidi kwamba siku nyingine tutamtuma kijana akamsomee matangazo nyumbani. Alikaa kimya kwa muda, akasema, "Asante, Padre," akaenda zake. Tulidhani tumemjibu vema. Ilitupasa kusafiri na kukesha ili kutambua kwamba ahadi ile ilikuwa kosa letu la pili.

Jioni ile tulimpigia simu kijana mmoja mzaliwa wa parokia yetu, ambaye hufanya kazi ya kutengeneza tovuti jijini Dar es Salaam. Tulitaka tu kumuuliza kama kuna namna ya kuifanya simu isome maandishi yaliyo ndani ya picha. Akatujibu kwa subira kwamba programu za kubahatisha hilo zipo, lakini swali letu limekaa kichwa chini. Si mzee anayepaswa kutafuta namna ya kusoma tangazo letu. Ni sisi tunaopaswa kuliandika lisomeke. Jambo hilo, akasema, lina jina lake katika fani yao: huitwa ufikivu, yaani hali ya kitu kufikika na kila mtu, awe anaona au haoni, anasikia au hasikii, anaweza kushika kipanya cha kompyuta au hawezi. Kisha akaongeza kwamba mwezi unaofuata kungekuwa na mkutano wa kimataifa juu ya ufikivu wa tovuti, unaofanyika wote kwa njia ya mtandao, na unaohudumiwa na watu wanaojitolea. Akatuuliza kama tungependa kusaidia.

Tulikubali. Na kwa kuwa tumesema kwamba hili ni ungamo, hatuna budi kukiri kwamba sababu zetu hazikuwa safi zote. Tulitaka kutuliza dhamiri. Tena lilikuwamo tone la majivuno, la padre wa kijijini atakayeweza kusema kwamba amehudumu katika mkutano wa dunia. Mungu hutumia hata nia zilizochanganyika, ndugu zangu, ila ni vizuri kuzitaja kwa majina yake.

Mkutano wenyewe huitwa WordPress Accessibility Day. WordPress ni programu huria inayoendesha zaidi ya theluthi moja ya tovuti zote duniani, zikiwamo za parokia, shule na magazeti mengi. Mkutano huo ulianza mwaka 2020, hauna kiingilio, na hudumu saa 24 mfululizo ili watu wa kila pembe ya dunia waupate katika mchana wao. Wa mwaka 2024 ulifanyika tarehe 9 na 10 Oktoba. Mtandao wa kwetu parokiani huwa hafifu mvua inaponyesha, basi tukasafiri hadi Bukoba mjini, ambako padre mwenzetu alitupatia chumba, meza, na chupa ya chai. Zamu yetu ilikuwa ya saa nane usiku hadi saa kumi na moja alfajiri.

Kazi tuliyopewa ilikuwa ndogo: kuwakaribisha washiriki katika sehemu ya mazungumzo ya maandishi, kuwaelekeza waliopotea njia, na kuyakusanya maswali yao ili msemaji aulizwe mwishoni. Kiingereza chetu cha seminari kilitosha, ingawa kwa jasho. Lakini yaliyotugusa zaidi ni yale tuliyoyaona yakitendeka pembeni ya kazi yetu. Kila msemaji alipotamka neno, waandishi waliliandika papo hapo chini ya video, ili asiyesikia asome. Pembeni alisimama mkalimani wa Lugha ya Alama ya Marekani. Msemaji alipoonesha picha, alieleza kwa maneno kilichomo. Hakuna aliyeonekana kulichukulia jambo hilo kuwa huruma au hisani. Lilikuwa adabu ya nyumba ile, kama vile kwetu ilivyo adabu kumpa mgeni kiti kabla hajaomba.

Katikati ya usiku ule tulijifunza mambo matatu ambayo tungependa mwende nayo nyumbani.

La kwanza ni kwamba kasoro hizi ni za kila mahali, si za parokia yetu peke yake. Taasisi iitwayo WebAIM, ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah huko Marekani, hukagua kila mwaka kurasa za mbele za tovuti milioni moja. Katika ukaguzi wa mwaka 2024, kurasa karibu 96 katika kila 100 zilionekana kuwa na kasoro zinazomzuia au kumsumbua mtu mwenye ulemavu. Na kasoro zilizoongoza si za kitaalamu sana. Ni maandishi ya rangi hafifu juu ya rangi hafifu, picha zisizo na maelezo, fomu ambazo nafasi zake hazikuandikwa ni za nini, viungo na vitufe visivyo na jina, na ukurasa usiotaja umeandikwa kwa lugha gani. Hili la mwisho latuhusu sana sisi Waswahili. Ukurasa wa Kiswahili usiojitambulisha kuwa wa Kiswahili unaweza kusomwa na programu kwa matamshi ya Kiingereza. Hebu fikirini Injili ya Jumapili inasomwa kwa namna hiyo, na mzee wa watu anajitahidi kuambulia neno moja moja.

La pili ni kwamba kanuni za kufanya vema zipo, tena si ngeni. Shirika la W3C, linalosimamia kanuni za wavuti duniani, lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa ufikivu mwaka 1999, na toleo la 2.2 lilitoka mwezi Oktoba 2023. Tangu mwaka 2008 mwongozo huo umesimama juu ya nguzo nne: yaliyomo yatambulike kwa hisi aliyonayo mtu, yatumike kwa viungo alivyonavyo, yaeleweke, na yawe imara kiasi cha kusomeka kwa vyombo mbalimbali. Nchi yetu nayo imekwisha kutia sahihi. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinataja intaneti waziwazi, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Majirani zetu wa Kenya nao wamepiga hatua: tangu mwaka 2020 shirika la inABLE, lililoanza kwa kuwafundisha kompyuta wanafunzi wasioona, limekuwa likiandaa mkutano wa Inclusive Africa juu ya mambo haya haya, na ule wa kwanza ulifanyika kwa njia ya mtandao kwa sababu ya janga la UVIKO-19. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba hili ni la Wazungu na kwamba halijatufikia.

La tatu lilituchoma zaidi. Kila tuliposikia mshiriki asiyeona akieleza jinsi anavyokwama, tulimwona mwalimu wetu. Tena tukakumbuka mwezi Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa mkoani kwetu, katika Wilaya ya Bukoba. Watu 6 walifariki kabla mlipuko haujatangazwa kuisha mwezi Juni. Katika majuma yale ya hofu tulisambaza kwa bidii mafundisho ya kujikinga: usimguse mgonjwa, nawa mikono, toa taarifa mapema. Tuliyasambaza namna gani? Kwa picha. Picha juu ya picha. Waamini wetu wasioona walipata habari zile kwa redio au kwa kuambiwa na watoto wao, na kama hawakuwa na redio wala mtoto, sisi hatukuwa tumewafikishia lolote. Hatukuwahi kuwaza juu ya hilo kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, hadi usiku ule. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Zamu yetu ilipokwisha, alfajiri ilikuwa inakaribia. Tulitembea polepole hadi Kanisa Kuu, wanamolala katika Bwana wachungaji wetu waliotutangulia, akiwamo Kardinali Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kuvikwa kofia ya ukardinali. Tuliketi benchi la nyuma. Na pale ndipo ulipotujia ule ukurasa wa Injili ya Marko, sura ya pili, unaosimulia habari za mtu mwenye kupooza aliyebebwa na watu wanne.

Mnaifahamu habari ile, na tumeihubiri mara nyingi. Daima tuliwasifu wale wanne na imani yao. Lakini asubuhi ile tuliuliza swali ambalo hatukuwahi kuliuliza: kwa nini mlango haukupitika? Hakuna aliyeufunga. Hakuna aliyemchukia yule mgonjwa. Mlango ulizibwa na watu wema, waliokuja kusikiliza Neno la Mungu, waliosimama wameelekeza nyuso ndani na migongo nje. Walioziba njia ya kumfikia Yesu ni wasikilizaji wake. Kosa lao halikuwa chuki. Lilikuwa kutogeuka nyuma kutazama nani amebaki nje.

Ndugu wapendwa, hao ndio sisi. Paroko aliyelipitia tangazo la msiba na kulisifia maua yake alikuwa amesimama mlangoni, uso ndani, mgongo nje.

Na lipo jingine. Paa lile lilikuwa la mtu. Mwinjili hatuelezi ni nani aliyelirudishia baada ya mgonjwa kushushwa. Sisi wa Bukoba na Muleba tuliolipata tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 tunajua gharama ya kuezeka upya. Pengine wale wanne walirudi kesho yake na ngazi. Ufikivu unaochelewa una gharama ya namna hiyo: usipoweka mlango mpana wakati wa kujenga, itabidi siku moja watu wabomoe paa. Lakini mlango mpana, ukiwekwa mapema, hugharimu kidogo mno. Tangazo lile la msiba lingehitaji mistari miwili ya maandishi ya kawaida chini ya picha: fulani amefariki, Misa ya maziko ni Alhamisi saa nane mchana, mahali fulani. Kuiandika kungetuchukua dakika moja. Tulikesha saa tatu kwa ajili ya watu wa mbali tusiowajua, na tukashindwa kutoa dakika moja kwa ajili ya mzee anayeishi umbali wa kilomita tatu kutoka nyumba ya mapadre. Hatusemi kwamba ule mkesha ulikuwa bure. Tunasema kwamba kujitolea kwa mbali kusikokurudisha nyumbani ni nusu ya safari.

Basi tulirudi. Siku ya Ijumaa tulikwenda kwa mwalimu wetu. Tulimkuta uani kivulini, simu sikioni. Tulimweleza yote: mkutano, waandishi wa papo hapo, tovuti milioni moja, na watu wanne wa Kapernaumu. Alisikiliza kwa utulivu kama mtu anayesahihisha insha. Tulipomaliza, tulimwuliza kwa nini siku ile sakristia alinyamaza tulipoahidi kumtumia msomaji.

Akajibu, "Padre, ahadi ile ilitoka moyoni, nami sikutaka kukuvunja moyo. Ila mimi sihitaji kusomewa. Kusoma nimekwisha kujifunza upya. Nahitaji mniandikie."

Tofauti ya maneno hayo mawili, kusomewa na kuandikiwa, imetukaa rohoni tangu siku ile. Anayesomewa hungojea. Husomewa kile msomaji anachokiona kuwa cha maana, katika saa ambayo msomaji ana nafasi, na hana faragha. Anayeandikiwa ni mtu mzima mbele ya habari zake mwenyewe. Ahadi yetu ilimrudisha utotoni mtu aliyetufundisha kusoma.

Tulipokuwa njiani kurudi tulimkumbuka Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809, akapofuka akiwa mtoto baada ya kujiumiza kwa chombo cha kazi cha baba yake aliyekuwa fundi wa ngozi. Shuleni Paris alivikuta vitabu vya wasioona vikiwa na herufi za kawaida zilizoinuliwa kwenye karatasi. Wenye macho walikuwa wamezitengeneza kwa nia njema, nazo zilipendeza machoni, lakini zilisomeka kwa taabu vidoleni. Braille alikuwa na umri wa miaka 15 alipobuni maandishi ya nukta nundu, ambayo hadi leo watoto husomea, wakiwamo watoto wetu wasioona katika Shule ya Msingi Mugeza Mseto hapa Bukoba. Alikuwa mpiga kinanda kanisani na Mkatoliki kama sisi. Kadhalika programu ya NVDA, inayosoma kompyuta kwa sauti bila malipo, ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia, wote wasioona, waliokutana wakiwa watoto katika kambi ya muziki. Katika habari hizi zote mbili, aliyeujua mzigo ndiye aliyejua namna ya kuutua. Wenye macho tunaombwa tuulize kwanza, kisha tubebe.

Kwa hiyo tulimwomba mwalimu wetu atufundishe, naye alikubali kwa sharti moja, kwamba asiitwe msaidiwa bali msahihishaji. Tangu Novemba 2024, kila tangazo la parokia linalotumwa katika simu humfikia yeye kwanza. Likisomeka, hujibu kwa neno moja: sahihi. Lisiposomeka, hulirudisha. Katika mwezi wa kwanza alituandikia "rudia" mara kumi na moja, na mara mbili kati ya hizo zilikuwa za paroko mwenyewe. Hata hivyo hatutaki mdhani kwamba yote yamenyooka. Barua nyingi zinazotufikia bado ni karatasi zilizopigwa picha, nasi tunalazimika kuzichapa upya. Misa zetu bado hazina mkalimani wa lugha ya alama, ingawa tunao waamini viziwi wanaoketi mbele kila Jumapili wakitazama midomo yetu. Na rafiki yake mwalimu alikwisha kuzikwa. Hilo hatuwezi kulisahihisha. Tuliliadhimisha Misa kaburini, yeye akisoma somo la kwanza kwa kusikiliza sikioni na kutamka, lakini alipomaliza alisema kwa sauti ya chini kwamba si sawasawa na kuwapo siku yenyewe. Tunaamini anasema kweli.

Mwaka 2002 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii, kama lilivyoitwa wakati ule, lilitoa nyaraka mbili juu ya intaneti, na mojawapo ilitahadharisha juu ya pengo kati ya walio na njia ya kupata habari na wasio nayo. Tulizoea kulisoma onyo hilo tukijihesabu upande wa walionyimwa: sisi wa vijijini, wa mtandao hafifu, wa umeme wa kukatika. Ni kweli. Lakini aliyenyimwa huku anaweza kuwa anamnyima mwingine kule bila kujua. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 1.3, yaani mmoja katika kila sita, wana ulemavu mkubwa wa namna fulani. Hebu mwenyekiti wa kila jumuiya ndogondogo ahesabu nyumba zake, awatafute hao kwa majina.

Tunawaachia mambo manne ya kufanya juma hili, na hakuna hata moja linalohitaji fedha. Kwanza, ukituma picha yenye habari ndani yake, andika habari hiyo kwa maneno chini yake. Pili, ukituma picha ya sherehe au ya watoto, eleza kwa sentensi moja kilichomo, ili asiyeona naye afurahi pamoja nanyi. Tatu, ukituma ujumbe wa sauti, fupisha yaliyomo kwa maandishi, kwa ajili ya asiyesikia. Nne, na hili ndilo kubwa, mwulize mwenyewe. Usimkadirie. VIWAWA na WAWATA wameombwa kulisimamia jambo hili katika vigango vyote, na makatekista watatuletea majina ya wale wanaohitaji kuandikiwa.

Tunapokusanyika Jumapili ijayo, tunapoingia kanisani na kuelekeza nyuso zetu altareni, tunaomba kila mmoja wetu ageuke mara moja atazame nyuma yake, mlangoni. Huenda yupo mtu, na huenda anangoja tusogee hatua moja tu.

Mungu mwema, aliye Baba wa wote, awabariki nyote, na Bikira Maria Mama wa Huruma awaombee. Mwalimu wetu amekwisha kuisikiliza tafakari hii kabla haijawafikia ninyi. Ameirudisha mara moja, tukaisahihisha.